Dola Kwenye Kopo la Grisi

Mashineni, tarehe 3 Mei

Kitindamimba wangu,

Bahasha yako imefika. Mimi mzima, usiulize, nimekuwa mzima tangu hujazaliwa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijampa mtu kalamu. Nilisoma madarasa matatu lakini yalikuwa madarasa ya wakati ule, si haya yenu ya kufundishwa kuvuka barabara. Ile simu uliyoniletea iko juu ya kabati. Simu za siku hizi zinanong'ona, na mimi si mtu wa kunong'onezwa.

Sasa hebu nikurudishie habari yako nione kama nimeielewa, maana nikiisoma naona kama imeandikwa na mlevi. Unasema ulipokuwa ukifua mashuka ya ile hoteli ya huku, benki ilikupa kadi. Kadi yenyewe ya dola, pesa yetu haiitaki. Ukavuka mpaka, sasa unafua mashuka ya watu wa huko na kulipwa pesa ya huko, lakini kadi imebaki huku inadai, na inadai dola. Ukilipa kwa benki za huko zinakata juu na chini, halafu pesa inaning'inia angani majuma mazima haijulikani iko nchi gani. Kwa hiyo unanunua dola huko, unampa dereva wa basi la mpakani, dereva ananipa mimi, na mimi niende dirishani benki nikamlipe mtu nisiyemjua kwa kitu nisichokiona. Nimeelewa? Mwanangu, hata punda akielezwa njia hiyo anakaa chini.

Na umenunua nini? Hapo kalamu yako imekuwa na haya. Umeandika "vitu vidogo vidogo". Vitu vidogo havidai kwa dola.

Mimi katika maisha yangu nimedaiwa mara mbili, na mara zote mbili mdai ndiye aliyeomba radhi. Mfano unao nyumbani. Injini hii ninayosagia, mwaka jana nilikwenda kwa yule muuza mashine wa njia panda, Kalamu-Sikioni, anayejiona msomi kwa sababu ya kalamu aliyochomeka juu ya sikio. Akataja bei. Nikacheka. Nikamgeuzia mgongo, nikamwambia nitarudi siku atakayopata akili. Siku tatu tu, akaniita mwenyewe, akaniachia kwa nusu bei! Taslimu, sikudaiwa senti. Unaujua ubao wa mlangoni, bado unang'aa: MASHINE YA NUSU BEI, MWENYEWE ALIPATANA. Watu wanaleta nafaka kutoka mtaa wa pili ili wausome. Na ile injini ya zamani, Mzee Mwenzangu, bado iko chini ya turubai. Wamekuja watano kuitaka nimewafukuza wote. Hakuna anayestahili.

Hivyo ndivyo mtu anavyonunua. Ninyi mnapewa kipande cha plastiki mnaona mmepewa ufalme.

Dola zako nimezihifadhi mahali ambapo mwizi hata akionyeshwa hatatia mkono. Nikipata nafasi nitakwenda huko benki.

Ni mimi baba yako mzazi,
Mwenye Mashine


Chumba cha kufulia, tarehe 9 Mei

Baba, shikamoo.

Nashukuru bahasha imefika. Naandika juu ya meza ya kupigia pasi, mvuke umenijaa machoni, usishangae mwandiko.

Umeuliza nilinunua nini. Nilinunua marashi. Marashi, mafuta ya nywele na vitu vingine vya kike ambavyo baba haulizi. Ulikuwa ujinga, nimekubali, na mwaka mzima nimekuwa nikiulipa kidogo kidogo pamoja na riba yake. Hizo ulizo nazo ndizo za mwisho. Zikiingia, nimemaliza.

Sasa baba, nisikilize kwa hili moja. Kadi hiyo benki iliitoa kwa dhamana ya amana yangu, ile niliyoiweka kwao miaka yote niliyofua hotelini. Nikilipa lote kabla mwezi haujaisha, wananirudishia amana. Nisipolipa, wanaimeza yote na kuniachia makaratasi. Na amana hiyo ina kazi. Nimepata chumba chenye bomba nyuma ya zahanati, na mtu anayeuza mashine mbili za kufulia. Mwenye chumba amesema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo atampa kinyozi. Mikono yangu imechoka kufua kwa jina la mtu mwingine, baba.

Kwa hiyo nakuomba: usizikunje hizo noti. Dola ni pesa yenye maringo, ikikunjwa au ikichafuka wanaikataa. Usizibadilishe. Zipeleke vilevile zilivyo, toa namba ya kadi niliyoiandika nyuma ya bahasha, chukua risiti, ondoka. Na usiongee sana.

Kuhusu injini ya nusu bei, nimesikia. Unaniandikia habari yake kila barua, na kila mara naifurahia.

Bintiyo,
Kitindamimba


Mashineni, tarehe 16 Mei

Kitindamimba,

Marahaba. Barua yako ya kusema nisizikunje imenikuta nimeshazikunja. Kosa ni la dereva, basi lake linatambaa kama konokono mwenye mimba.

Benki nimekwenda. Nilivaa koti. Mlangoni yule askari akanipapasa kama mbuzi wa mnadani, nikamwambia, "Ukikuta kitu tugawane." Hakucheka. Ndani wakanipa kikaratasi cha namba, mimi, mtu mzima, naitwa kwa namba kama mfungwa. Nikakaa. Namba ikaitwa, nikafika dirishani. Kuna binti amekaa nyuma ya kioo, kucha zake ndefu sijui anajikunaje.

"Babu, nikusaidie nini?"

"Nimekuja kumwona aliyemkopesha binti yangu."

"Ni benki, babu."

"Najua ni benki, nimeisoma juu ya mlango. Nataka mtu. Deni lina uso. Huyo aliyempa mwanangu dola akanunue marashi namtaka hapa, nimtazame, nimlipe mkononi, na hawa waliopanga foleni wawe mashahidi kwamba yamekwisha."

"Babu, hakuna mtu mmoja. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu ndiye aliyezaa deni? Mwiteni basi."

Huko nyuma watu wakaanza. "Mzee, lipa tuondoke!" Nikageuka. "Mna haraka ya kwenda kulipa? Sijawahi kuona ng'ombe anayekimbilia machinjioni." Mmoja alicheka, nikajua huyo ana mzazi nyumbani aliyemlea.

Basi nikaona nisimwonee mtoto wa watu, nikatoa dola. Akazishika kwa ncha za kucha, akazinusa.

"Babu, hizi zilikuwa wapi?"

"Kwenye kopo."

"Kopo la nini?"

"La grisi. Grisi mpya, nimeifungua mwezi huu."

Akazisukuma nje ya dirisha. Eti hazipokeleki. Eti zimekunjwa na zina mafuta. Hebu niambie, wewe uliyevuka mipaka! Pesa yetu sisi imepita kwa muuza samaki, kwa fundi baiskeli, ndani ya soksi ya mtu asiyeoga, na bado inapokelewa kwa mikono miwili. Dola ikiguswa na grisi inazimia. Na hiyo ndiyo pesa mnayoipigia magoti!

Sikushindwa. Nilirudi nyumbani nikazifua kwa sabuni ya unga, wewe mfuaji utanielewa, nikazianika ndani, mwenyewe nikakaa mlangoni kuzilinda, kisha nikazipiga pasi ya makaa. Zilinyooka kama kola ya bwana harusi. Moja tu ilipata rangi ya chai. Nikarudi siku ya pili. Binti yuleyule, Kucha. Akazitazama, akamwita mwenzake, wakazitazama wote wawili, wakainama chini ya meza wakicheka wakidhani sioni. Wakazikataa tena.

Nimewaambia benki yao itafungwa. Nimewapa mwaka.

Dola zako zipo salama na sasa zinanukia vizuri. Tuma utaratibu mwingine.

Baba yako,
Mwenye Mashine


Chumba cha kufulia, tarehe 21 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingeinuka.

Sina dola nyingine. Mshahara wangu unatoka mwezi ukiwa umeshakwisha. Kwa msimamizi nimeomba mkopo, amenitazama kama doa. Hizo ulizofua na kuzipiga pasi ndizo zilikuwa chumba, ndizo zilikuwa mashine, ndizo zilikuwa mimi kulala mchana siku moja ya wiki.

Nilikuomba uzipeleke zilivyo. Mtoto wa jirani angeweza. Wewe ukaenda kutafuta uso wa deni, ukaleta mashahidi, ukawachekesha watu. Miaka yote mtu akikuambia kitu unasikia injini tu.

Mrudishie dereva hizo noti. Huku kuna wabadilishaji wa vichochoroni wanaopokea hata iliyoungua, watanipunja lakini watanipa chochote. Amana waichukue. Kinyozi nimeshamwambia aje akione chumba.

Usiende benki tena. Usifanye lolote, baba. Niachie.

Bintiyo


Mashineni, tarehe 24 Mei

Binti,

"Usifanye lolote." Mimi. Niliyesaga unga wa mtaa huu mzima wakati baba yake huyo msimamizi wako anatambaa. Maneno hayo hata marehemu mama yako hakuwahi kuniambia, na yule alikuwa na ulimi wa wembe.

Nani aliyewatuma watu wanunue marashi kwa dola? Ungekuwa umenuka jasho lako mwenyewe tusingekuwa tunaandikiana haya. Mtu mwenye jasho lake halali ananuka vizuri, muulize yeyote. Lakini mmevuka mpaka mmeona wenzenu wamejipaka, nanyi mkajipaka, sasa mnalia na amana. Debe tupu! Mimi nilipotaka injini sikukimbilia plastiki. Nilikaa, nikamnyima mtu usingizi, nikalipa nusu. Akili haikopeshwi.

Na kwamba nasikia injini tu, nimesikia ulivyosema. Nimesikia vizuri sana.

Dola za grisi simrudishii dereva. Nitakuonyesha kwamba mtu hashindwi na karatasi. Kesho kutwa nakwenda njia panda kwa Kalamu-Sikioni. Yule anauza vyuma vya nje, dola safi hazimkosi, na hawezi kunikatalia. Mtu uliyemla nusu bei anakuogopa maisha yake yote. Nitamwambia abadilishane nami, zake safi kwa zangu zilizofuliwa. Akinuna nitamkumbusha ya mwaka jana, mbele ya wateja wake.

Sisemi zaidi.

Mwenye Mashine


Dukani, njia panda, tarehe 26 Mei

Dada yangu,

Salamu. Ni mimi muuza mashine uliyeniapisha mwaka jana. Naandika kukuomba radhi, maana kiapo nimekivunja, na ni bora usikie kwangu kabla hujasikia kwa mzee.

Leo asubuhi mzee alikuja. Duka lilikuwa na wateja, mmoja wao ananunua pampu. Hakusalimia. Akasimama mlangoni akasema kwa sauti yake ile, "Kumbe bado unapata watu wa kuwaibia! Waambie hawa mimi nilikulipa ngapi." Nikatabasamu kama ninavyofanya siku zote. Dada, mwaka mzima nimetabasamu. Ananipita sokoni ananiita Nusu. Wateja wangu wanataka nusu bei kwa sababu ya ule ubao wake. Nimevumilia kwa ajili yako.

Akatoa kitita cha noti, zinanuka sabuni na grisi, akataka nimpe safi. Nikamwambia, "Mzee, hizi hata mimi nitapata hasara." Hapo akageuka kwa wateja akaanza kukusema wewe. Eti ana binti ng'ambo ya mpaka, kaliwa na dola kwa ajili ya marashi, eti hana akili hata ya kuku, laiti angerithi kichwa cha baba yake asingekuwa anafua nguo za watu. Mwenye pampu akacheka.

Yeye alipocheka ndipo nikashindwa. Nikasema, "Mzee, ile nusu nyingine aliilipa huyo huyo binti. Alikuja hapa na kadi yake, siku zile mbili alizokuja kukutazama, injini yako ya zamani ilipokufa. Akaniapisha nikuite nikwambie nimekupunguzia. Hakuna marashi. Marashi yenyewe yako nyumbani kwako, unayatia dizeli kila asubuhi."

Nilidhani atanipiga. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kreti la boliti. Akazitazama zile noti. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yake, "Bei yake kamili ilikuwa ngapi?"

Nikamtajia.

Akasema, "Ghali." Akainuka akaondoka. Kofia yake ameiacha hapa, nimeitundika.

Nisamehe, dada. Kama utaona nimekosea zaidi ya hapo niandikie, nitapokea.

Muuza mashine


Mashineni, tarehe 31 Mei

Kitindamimba wangu,

Ndani ya barua hii kuna risiti. Usiikunje, maana siku hizi najua kwamba makaratasi yana maringo. Deni la kadi limekwisha, lote, na kale kaadhabu walikotaka kukaongeza nimewaambia wakale wenyewe, wakakataa, nikakalipa. Kucha ameandika kwa mkono wake kwamba amana yako iko huru, inakungoja. Nimemfanya aandike mara mbili, ya kwanza haikusomeka. Shule wanakwenda kufanya nini?

Sasa utauliza dola zimetoka wapi. Nimemuuza Mzee Mwenzangu.

Nilimkokota kwa mkokoteni mpaka njia panda, na wale wabeba mizigo wawili walilegea njiani kama mboga, ikabidi nisukume mimi. Kalamu-Sikioni akampima kwenye mizani kama nyama. Chuma cha kweli kile, si bati hizi wanazoleta sasa. Alivyoona uzito akaitoa kalamu sikioni. Tulipatana. Alitaja bei, na mimi nikasema sawa.

Usisome mstari huo mara mbili. Nilikuwa na haraka.

Haikutosha, nikaongezea redio. Siipendi tena, nayo imeanza kunong'ona. Akanipa dola safi, mpya, zinakata kidole. Nikaziweka katikati ya vipande viwili vya mbao nikavifunga kwa kamba, nikazibeba kifuani hivyo hivyo kama kioo cha dirisha mpaka benki. Askari akauliza, "Mzee, umebeba nini?" Nikamwambia, "Mgonjwa. Usimguse." Dirishani sikuuliza habari ya uso wa mtu. Nilinyamaza. Kucha akashtuka mpaka akaniuliza, "Babu, leo hujambo kweli?" Nikamwambia aangalie kazi yake.

Nazidharau benki hizo, nawadharau hao wa dola, na huyo Kalamu namdharau zaidi, mtu mzima hawezi kutunza neno la msichana hata miaka miwili. Kofia yangu nimekwenda kuichukua. Alinipa chai. Chai yenyewe maji matupu. Nilikunywa.

Zile za grisi namkabidhi dereva zikurudie. Wape hao wabadilishaji wa vichochoroni, wakikupunja waambie baba yako anakuja. Watakachokupa ni chako. Kanunue marashi, ya kweli safari hii, ya chupa, ujipake. Na kama kinyozi ameshaingia kwenye chumba chako, mtoe. Kinyozi anaweza kunyolea popote, hata kwenye ngazi.

Jambo lingine. Ubao wa mlangoni nimeupaka rangi upya. Nimeandika: MASHINE YA BEI KAMILI. Watu wanauliza, "Mzee, si ulisema nusu?" Nawajibu, nusu ni ya wachovu. Katika mtaa huu wote, muulize yeyote, nani aliyewahi kununua kitu kwa bei kamili? Hakuna. Ni sisi tu.

Leo nimeamka mapema nikayawasha marashi yako. Hayakukohoa hata mara moja. Yamesaga mpaka sasa, na hapa nimeyazima kidogo, nisikie vizuri ninavyokuandikia.

Baba yako,
Mwenye Mashine, nusu yake